Shule za Tanga zinakwenda Amboni kila mwaka. Kwa nini hazipiti Machui kwa Shaaban Robert?

mwalimu_chumbageni #1
Wanajamvi, salaam.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga mjini. Wiki iliyopita tulikaa kikao cha kupanga ziara za kimasomo, na orodha ikawa ile ile: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani, na darasa lenye wazazi wenye uwezo lipande Amani au Lushoto. Nikauliza, na Machui je? Mwalimu mwenzangu, mtu wa miaka mingi kazini, akaniuliza Machui kuna nini.

Kwa wasio wenyeji: Shaaban Robert alizaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909, na amezikwa Machui. Kote ni kusini mwa mji, upande wa njia ya Pangani. Basi linalopeleka wanafunzi Tongoni linaelekea upande huo huo. Watoto wanashuka kutazama makaburi ya watu ambao hata majina yao hatuyajui, wanapiga picha, wanarudi mjini, na hakuna aliyewaambia kwamba wamempita mtu ambaye wengi duniani wanamtaja kwanza wakiulizwa mshairi wa Kiswahili.

Linaniuma hili. Naomba mnisaidie kuelewa: tatizo ni nini hasa? Na kama kuna aliyewahi kupeleka wanafunzi, walifanya nini walipofika?

pwani_mchangani #2
Jibu ni fupi. Hakuna cha kuona. Amboni kuna pango, kuna popo, kuna kiza, mtoto anarudi na hadithi. Kaburi ni kaburi.

dereva_kosta #3
Mimi nabeba shule. Niwaambie upande wangu. Safari ya wanafunzi inaandikiwa kibali, na kibali kinataja njia na vituo. Mwalimu akija asubuhi na kuniambia "tupitie na sehemu fulani", siwezi, trafiki akinisimamisha mimi ndiye naulizwa. Kwa hiyo kama Machui haikuandikwa tangu mwanzo, basi haipo. Dizeli si tatizo, kama mnakwenda Tongoni tofauti ni ndogo.

Bi Kidawa #4
Mwalimu ahsante kwa uzi. #2 umesema haraka. Tongoni nako si makaburi na msikiti ulioanguka? Mbona tunawapeleka?

pwani_mchangani #5
Tongoni kuna nguzo za makaburi za karne ya 14 na 15, kuna jambo la kuonyesha kwa kidole. Na upande ule ndiko merikebu moja ya msafara wa Vasco da Gama ilipopanda mwamba 1498. Mwalimu wa Historia ana la kusema pale kwa saa nzima. Wa Kiswahili atasema nini kaburini?

msoma_vitabu #6
Atasoma. Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kusoma kwa sauti watu wasikie.

Nyongeza kwa #1: msiishie kuwaambia wanafunzi "mshairi". Waambieni alikuwa karani. Aliingia kazi ya forodha 1926 baada ya shule Dar es Salaam, akaifanya hadi 1944. Akaenda Idara ya Wanyama, akakaa Mpwapwa. 1946 akarudi Tanga, ofisi ya jimbo, halafu upimaji ardhi hadi 1960. Vitabu vyote vile aliviandika akiwa mtumishi wa ofisi. Mtoto anayedhani mshairi ni mtu wa kukaa chini ya mwembe akingoja maono, hili litamfungua macho.

Mgogo Halisi #7
Si alikufa kabla ya uhuru? Nakumbuka tulifundishwa hakuuona.

msoma_vitabu #8
Hapana. Uhuru ulikuwa Desemba 1961, yeye alifariki Juni 1962. Aliuona kwa miezi kama sita. Na hilo lina uzito, kwa sababu kitabu chake Kusadikika, kisa cha nchi ya kubuni, kilitoka 1951, wakati kusema wazi juu ya utawala dhalimu kulikuwa na gharama, ndiyo maana ile nchi ikawekwa angani.

Kidato_Sita #9
Naona wote mnazunguka, sababu ni muhtasari wa masomo. Mimi nimesoma O level hapa nchini bila kukutana na kitabu chake kizima hata kimoja. Ushairi tulisoma Wasakatonge na Malenga Wapya, riwaya Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Shaaban nimemkuta kidato cha tano na sita, Mapenzi Bora na Kufikirika. Sasa angalieni nani anakwenda ziara. Ni kidato cha kwanza na cha pili. Kidato cha tano na sita hawana muda, mwaka wao wa pili wenyewe ni nusu. Kwa hiyo wanaokwenda ziara hawamsomi, na wanaomsoma hawaendi ziara. Mwalimu gani atampeleka mtoto kwa mtu asiyemtahini?

mwalimu_chumbageni #10
#9 umenigusa penyewe. Hata kwenye kikao swali lilikuwa "inaingia mada ipi?" Amboni inaingia Jiografia, miamba ya chokaa. Tongoni inaingia Historia. Machui nikasema inaingia ushairi, nikaambiwa ushairi unafundishika darasani.

Sheria Mkononi #11
Kuna sababu ambayo watu hawaitaji. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Cha baada ya hapo hadi Waziri akitangaze. Tongoni imelindwa kwa umri wake tu. Mtu aliyezaliwa 1909, nyumba yake haiwezi kuingia kwa mlango huo. Pasipotangazwa kuwa urithi hapana mhifadhi, hapana kibao, hapana muongozaji, hapana kitabu cha wageni. Na shule hupenda kwenda penye risiti.

Bi Kidawa #12
Hiyo ya risiti ni kweli tupu. Mkaguzi wa hesabu hataki kusikia mlikaribishwa na wazee wa kijiji.

Birmingham_Mama #13
Salaam kutoka Uingereza. Mwanangu yuko darasa la sita, shule yao iliwapeleka Stratford-upon-Avon kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare, nikaambatana nao kama mzazi msaidizi. Nitawaeleza nilichokiona maana kinahusu hoja ya #2.

Nyumba ni ya mbao na udongo, mtaa wa Henley. Chini kuna chumba cha kazi cha baba yake, ambaye alikuwa fundi wa glavu za ngozi, wanawaonyesha watoto ngozi zinavyokatwa. Juu chumba cha kuzaliwa. Kuna dirisha la zamani lenye majina ya wageni wa karne zilizopita waliokwaruza kwenye kioo. Sasa sikilizeni: karibu vyombo vyote mle ndani si vyake. Ni vya zama zake au vimetengenezwa kufanana. Kitanda si chake.

Kilichowashika watoto kilikuwa bustanini. Kuna waigizaji wanasimama pale, ukiwataka kipande wanakutolea hapo hapo. Mwanangu aliomba kile cha Kaisari anapouawa, kwa sababu babu yake hapo Moshi ana nakala ya tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Mtoto wa Kitanzania amesimama kwenye bustani ya Shakespeare anaomba kile kipande! Nilitokwa na machozi.

Kwa hiyo #2, cha kuona kinaweza kutengenezwa. Cha kusikia ndicho kinachobaki.

pwani_mchangani #14
Dada, nakusoma kwa heshima. Lakini umenipa hoja mwenyewe. Pale kuna nyumba, kuna waigizaji wanaolipwa, kuna tiketi. Sisi tunaanzia wapi?

msoma_vitabu #15
Nao walianzia mbali. Shakespeare alikufa 1616. Ile nyumba ilikuja kuwa baa na bucha la nyama. Iliuzwa kwa mnada 1847, kamati ikachangisha, ikanunua kwa pauni 3,000, na sehemu ya msukumo ilitokana na hofu kwamba Barnum, yule Mmarekani wa maonyesho, angeing'oa aipeleke kwao. Miaka 231 baada ya kifo! Shaaban hajafikisha hata 70.

Birmingham_Mama #16
Sawasawa. Na nyumba aliyofia hawanayo. New Place ilibomolewa 1759 na padri aliyeimiliki. Alichoshwa na watu wanaokuja kuchungulia. Kabla ya hapo alishaukata mforsadi uliosemekana Shakespeare aliupanda.

Mzee Tangasisi #17
Hapo ndipo nilipotaka kuingia. Mmesema mengi ila hakuna aliyewauliza wenyewe. Machui ni kijiji, wanaishi watu. Yule padri wa #16 msimcheke, alikuwa mtu anataka kulala mchana. Leteni watoto arobaini wenye chupa za maji na biskuti, kila wiki shule nyingine, mtaona nani anafagia baada yao.

Na kaburi lina adabu zake. Kwetu pwani mtu akienda kaburini anatoa salamu, anaomba dua, anaondoka. Hakanyagi, hakai juu, hapigi picha za kucheka. Ukimleta mtoto bila kumfunza hayo, umemdhalilisha marehemu. Sisemi msije. Nasema mwalimu aje kwanza peke yake, aonane na mwenyekiti wa kijiji na wazee, aseme nia yake, ndipo alete watoto.

mwalimu_chumbageni #18
Shikamoo Mzee. Hili nimelichukua lote. Nitakuja kwanza bila wanafunzi.

Mzee Tangasisi #19
Marahaba mwanangu. Njoo asubuhi kabla watu hawajakwenda shamba.

Abu Nasri #20
Naongeza jambo kwa ukweli wote. Wapo wazazi wasiopenda mtoto kupelekwa kaburini kwa jina la ziara, wanaogopa ikageuka desturi isiyo na asili katika dini. Mimi ni mmoja wao. Kuzuru kaburi kwa ajili ya kukumbuka mauti ni sawa. Kusimama kaburini na kusoma mashairi, hapo nasita. Someni nyumbani kwake, barazani, shuleni. Kaburini dua.

Bi Kidawa #21
Abu Nasri, pwani yote hii ziara za masharifu zina qasida na dufu na hakuna aliyesita. Lakini nakubali kwamba ni jambo la kuwauliza wazazi mapema kwenye fomu ya ridhaa, si kuwashtukiza.

Abu Nasri #22
Wanaosita wapo Bi Kidawa, tena wengi. Ila la fomu tumekubaliana.

Ukerewe Pembeni #23
Samahani, hivi alikuwa Muislamu? Jina Robert lilinichanganya tangu shule.

msoma_vitabu #24
Muislamu, ndiyo. Swali lako wanafunzi huuliza kila mara, na ni swali zuri la kuanzia ziara.

mama_wa_fasihi #25
Mimi nilishapeleka. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi mkoani Tanga, siitaji. Nijibu lile swali la pili la #1.

Hatukuanza na safari. Wiki mbili kabla, wasichana walinakili beti za Utenzi wa Hati, ule aliomwandikia binti yake Mwanjaa, na wavulana beti za Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe wa kiume. Halafu nikawabadilishia: wavulana wasome wa binti, wasichana wasome wa mwana. Ubishi ulianzia darasani. Kwa nini binti anaambiwa haya na mwana anaambiwa yale? Mmoja akasema baba huyu anampenda mwanawe lakini anamfunga. Mwingine akamtetea. Walipopanda basi walikuwa bado wanabishana.

Kijijini tulipokewa vizuri. Mzee mmoja alitoa dua. Hatukusoma shairi kaburini, tulirudi chini ya mti wakasoma hapo, na akina mama waliokuwa wanapita wakasimama kusikiliza. Mmoja wao akamsahihisha mwanafunzi wangu namna ya kukata mshororo. Akausoma yeye kwa sauti ya kughani, na watoto wakanyamaza wote. Darasani nilikuwa nikifundisha vina na mizani ubaoni kwa rangi mbili za chaki, na hawakuwa wameelewa mpaka siku ile.

Mkuu wa shule aliniuliza ripoti ya ziara inahusu lengo gani la somo. Niliandika. Haikurudiwa mwaka uliofuata.

pwani_mchangani #26
Kwa nini haikurudiwa?

mama_wa_fasihi #27
Matokeo ya mtihani wa mkoa yalishuka hesabu, wakakata safari zote isipokuwa za michezo.

Mzanaki #28
Wakuu, mnalia kama vile nchi hii haina nyumba ya mshairi inayotembelewa. Butiama, kwa Mwalimu Nyerere! Makumbusho yalifunguliwa 1999, shule za Mara, Mwanza na hata za Dar zinafika Mwitongo, nyumbani kwake, wanaona kaburi, wanaona mazingira aliyokulia. Nyerere alitafsiri Shakespeare, aliandika Injili kwa tenzi. Ni mshairi aliyekamilika. Kwa hiyo ziara kwenye nyumba ya mshairi zipo, ila hamuiti hivyo.

Kidato_Sita #29
Mzanaki mkuu, tulikwenda Butiama tukiwa kidato cha pili. Tuliambiwa Azimio, Ujamaa, fimbo, zawadi za marais. Utenzi hata ubeti mmoja hatukusomewa. Tulikwenda kwa rais.

Mzanaki #30
Hilo ni kosa la aliyewaongoza.

mama_wa_fasihi #31
Mimi namuunga mkono Mzanaki nusu. Kutafsiri tamthilia nzima kwa mizani bila mwimbo kukatika ni kazi ya mshairi. Lakini Kidato_Sita naye kasema kweli, nyumba peke yake haimfanyi mtoto amwone mshairi kama hakuna anayemsoma humo ndani.

Ujiji Asilia #32
Na Arusha je? Watoto wa Arusha wanaingia uwanja wa Sheikh Amri Abeid kila mwisho wa juma wakidhani ni jina la mchezaji. Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi 1954, akawa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki 1964. Washairi wote wanafunzwa kanuni zake na wengine hawamjui. Ziara ya Ujiji inakwenda kumwona Livingstone na Stanley walipokutana chini ya mwembe. Amri hatajwi.

Mgogo Halisi #33
Basi na Mnyampala wetu mumuweke. Baba wa ngonjera, mtu wa Ugogo, 1917 hadi 1969. Mtoto wa Dodoma anatolewa ngonjera kila sherehe ya shule, hajui ilitoka kwa jirani yake.

MwanaLamu #34
Salamu kutoka Lamu. Wa Bongo mna bahati, mnajua Shaaban kazaliwa wapi na kazikwa wapi. Sisi huku shule za Mombasa zapelekwa Fort Jesus na Haller Park, watoto waone kobe na twiga. Muyaka bin Haji aliishi Mombasa hiyo hiyo, akafa mnamo 1840, akiwatungia Wamvita mashairi ya vita na ya soko na ya mapenzi. Mtoto apita Mji wa Kale na aiskirimu mkononi, hakuna amwambiaye. Lau si Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya mashairi yake kutoka vinywani, hata maneno tusingekuwa nayo.

Na Mwana Kupona. Utendi alimwandikia bintiye mwaka 1858, mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu. Ngome ya Siyu ipo, Makumbusho ya Kenya yaitunza, wageni wa nje wafika kwa mashua. Shule za bara haziji, wasema bahari, wasema bima. Wasichana wa Siyu wenyewe ndio wausoma utendi huo kama wosia wa bibi yao, bila ziara yoyote.

Bi Kidawa #35
MwanaLamu, hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Huenda kwetu pwani mshairi hakuwekwa kwenye nyumba kwa sababu aliwekwa kwenye sauti. Bibi yangu hakujua kusoma herufi za kirumi, alikuwa na beti nyingi za Shaaban kichwani kutoka redioni. Hakuhitaji kwenda Machui. Labda hawa watoto wanahitaji kwa sababu ile njia nyingine imekatika.

Sheria Mkononi #36
Bi Kidawa maneno mazuri ila yanawapa serikali pa kujifichia. "Sisi ni watu wa sauti" haitajenga choo cha wageni. Waziri ana mamlaka ya kutangaza. Halmashauri inaweza kuomba.

Bi Kidawa #37
Sijasema wasiombe. Nimesema kwa nini miaka yote hii hakuna aliyeona pengo.

Pangani Bweni #38
Naona mmemgawia Machui peke yake. Miaka ya forodha yake sisi Pangani tunaihesabu kuwa yetu. Jengo la zamani la forodha lipo karibu na mto. Kama ni ziara ya mwandishi kazini, mleteni mtoto pale, mwambieni karani mmoja alikuwa anahesabu mizigo mchana na usiku anaandika. Vibambani alizaliwa tu.

Mzee Tangasisi #39
"Alizaliwa tu." Kijana, kuzaliwa si jambo la "tu". Kitovu kimezikwa huku.

Pangani Bweni #40
Shikamoo Mzee, sijakusudia ubaya. Nasema basi moja linaweza kufanya yote, asubuhi Machui, mchana Pangani, pilau na samaki, jioni mjini.

dereva_kosta #41
Inawezekana. Ila mtoke alfajiri, na muandike vituo vyote kwenye kibali. Na Pangani msiwaachie watoto kuingia mtoni, mamba wapo kweli.

Mfuko Mtupu #42
Nashangaa hakuna aliyetaja pesa vizuri. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, shule ya serikali haiwezi kuwalazimisha wazazi mchango. Ziara ni hiari. Darasa la watoto sitini, wanaolipa ishirini. Mwalimu mwenye huruma anakataa kuwaacha arobaini, anafuta safari nzima. Hapo Amboni yenyewe wengi hawaendi. Mnajadili Machui kama vile watoto wote wanapanda basi.

mwalimu_chumbageni #43
Mfuko Mtupu, ni kweli, na darasani kwangu ninao watoto wa namna hiyo. Lakini Machui si Serengeti. Shule za upande wa kusini wa mji wanaweza kufika kwa daladala, kundi kwa kundi, Jumamosi.

Mfuko Mtupu #44
Daladala na sare za shule, nauli ya mwanafunzi, kondakta atawaruhusu wangapi? Umesahau kugombana mlangoni?

dereva_kosta #45
Kwa Jumamosi asubuhi makondakta hawana shida sana. Jumatatu usijaribu.

Sheria Mkononi #46
Na msisahau hili. Ukienda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, anuani yake ni Mtaa wa Shaaban Robert. Maelfu ya wanafunzi wanashuka kwenye mabasi juu ya jina lake, wanaingia ndani kutazama fuvu la Zinjanthropus.

Kidato_Sita #47
Na shule ya Upanga yenye jina lake. Nina rafiki kasoma pale, aliniambia walimjua vizuri kuliko sisi, walikuwa wanakariri beti zake kwenye sherehe. Kwa hiyo jina linaweza kufanya kazi likipewa nafasi.

Osale Fan #48
Turudi Amboni. Mnajua kwa nini watoto wanaipenda? Si miamba. Ni Osale Otango kujificha mle, miaka ya 1950, akiwakimbia Waingereza. Mtoto anataka kisa. Shaaban anacho kisa? Mimi namjua kwa mawaidha tu, "fanya hivi, usifanye vile". Mtoto wa miaka 14 hapandi basi kwa mawaidha.

msoma_vitabu #49
Anacho. Soma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kafiwa na mkewe Amina, kaachiwa watoto. Kahamishwa wakati wa vita ya pili kwenda bara, safari ya taabu, akakutana na ubaguzi wa rangi njiani, akauandika bila kutukana mtu. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zilichapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, 2002. Humo utamkuta mtu halisi mwenye shida na mipango. Aliyekupa mawaidha matupu alikunyima mtu mzima.

Osale Fan #50
Hizo barua sikuzijua. Zinapatikana wapi?

msoma_vitabu #51
Uliza duka la vitabu la Chuo Kikuu Mlimani, au maktaba ya mkoa. Tanga mnayo maktaba kubwa iliyojengwa kwa kumbukumbu ya King George VI, anzia hapo.

Birmingham_Mama #52
Mama_wa_fasihi #25, naomba uandike ile mbinu ya kubadilishana tenzi kwa urefu, hata kwa uzi mwingine. Nina kundi la watoto wa Kiswahili huku siku za Jumamosi, Wakenya, Watanzania, Wakongo. Nataka kuijaribu kabla hatujawapeleka Stratford, halafu wasome Hati pale bustanini. Sidhani kama watatufukuza.

mama_wa_fasihi #53
Nitaiandika dada. Ila chagua beti fupi fupi, na usiwaeleze maana kabla hawajagombana wenyewe.

Mzanaki #54
Mkimaliza Machui na Stratford, Butiama tupo. Na mje na Juliasi Kaizari mkononi, nitawasomea mimi mwenyewe.

Kidato_Sita #55
Hapo tutakuja mkuu. Bado nasema muhtasari ubadilishwe kwanza.

Sheria Mkononi #56
Tangazo la Waziri kwanza.

mwalimu_chumbageni #57
Nimeongea na Mzee Tangasisi faraghani, nakwenda Machui Jumamosi na mwalimu mwenzangu yule aliyeniuliza kuna nini. Fomu ya ridhaa nimeigawa sehemu mbili kama Abu Nasri na Bi Kidawa walivyoshauri: mzazi anachagua mtoto afike kaburini au abaki na kundi la kusoma. Dereva_kosta nitumie bei ya viti thelathini, Machui na Pangani, kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

dereva_kosta #58
Nimekutumia ujumbe. Bei ni ya kwenda na kurudi, chakula cha dereva juu yenu.